BUNDUKI HAIKUFUNGWA: SOMO LA KIPIMO NA SHABAHA

Nguruwe pori wameingia shambani usiku. Wamefukua mihogo na kulaza mahindi. Asubuhi anaitwa mtu mwenye bunduki ya leseni na kibali cha kuwinda. Anawafuata hadi kichakani. Anawaona. Analenga vizuri, anapiga. Paa! Nguruwe anakimbia. Anapiga tena, anakosa tena. Jioni watu wamekaa barazani wanasema: "Bunduki ile imefungwa. Kuna mtu kaifunga."

Maneno haya tumeyasikia sana huku kwetu Janga, na kote Kibaha hadi Kisarawe. Katika somo hili hatutagombana na mtu juu ya imani yake. Tutajifunza jinsi risasi inavyofanya kazi, na kwa nini bunduki ile ile, mikononi mwa mtu yule yule, leo inapiga kulia na kesho inapiga kushoto.

Jambo hili si la wawindaji tu. Mnyama akijeruhiwa bila kufa huingia kichakani na uchungu wake. Kesho yake mama anapita kwenda kuokota kuni, au mtoto anapita kwenda shule. Pia risasi iliyokosa mnyama haipotei hewani. Risasi ya raifoli inaweza kwenda zaidi ya kilometa 2 kabla ya kuanguka. Kwa hiyo shabaha ni jambo la usalama wa kijiji kizima.

MJOMBA NA GOBORE LAKE

Hebu tusikilize mazungumzo haya ya mfano. Mpwa amemaliza darasa la kisomo. Amekwenda kumwamkia mjomba wake, mzee aliyekuwa akiwinda kwa gobore zamani.

Mpwa: Shikamoo mjomba.

Mjomba: Marahaba mwanangu. Karibu ukae.

Mpwa: Mjomba, lile gobore lako la zamani, baruti ulikuwa ukiipima kwa nini?

Mjomba: Kwa kiganja. Naimimina kutoka kwenye pembe, nikiona imetosha, basi. Naitia mtutuni. Natia makumbi ya nazi, nashindilia kwa mdeki. Kisha natia risasi, makumbi tena, nashindilia. Mwisho naweka fataki.

Mpwa: Na kiganja hicho kilikuwa sawa kila siku?

Mjomba: Mh! Kiganja ni kiganja. Nguruwe akiwa karibu na moyo unadunda, baruti inazidi. Nikikumbuka bei ya baruti, inapungua.

Mpwa: Na makumbi?

Mjomba: Siku nyingine makumbi, siku nyingine kitambaa. Chochote kilichopo.

Mpwa: Basi mjomba, kila ulipopiga ni kama ulitumia bunduki nyingine.

Mjomba: (Anacheka.) Kumbe hakuna aliyenifunga! Nilikuwa najifunga mwenyewe.

Ndugu msomaji, maneno ya mpwa ndiyo somo letu la leo. Shabaha ni kufanya kitu kile kile, kwa kipimo kile kile, kila mara. Ukibadilisha kipimo, risasi nayo inabadilisha mahali inapopiga.

SEHEMU NNE ZA RISASI

Risasi ya raifoli ina sehemu nne:

1. Ganda. Hili ni kopo dogo la shaba nyeupe ambalo hubeba vitu vingine vyote.

2. Fataki. Iko katikati ya kitako cha ganda. Pini ya bunduki ikiigonga, hutoa moto.

3. Baruti. Imo ndani ya ganda. Ikishika moto hugeuka kuwa hewa ya moto yenye nguvu nyingi sana.

4. Kichwa. Hiki ndicho kinachotoka na kuruka. Mara nyingi ndani ni risasi, ile madini nzito, na nje kimevikwa shaba.

Mambo yanakwenda hivi: pini inagonga fataki, fataki inawasha baruti, hewa ya moto inasukuma kichwa kwenye mtutu. Yote hayo yanamalizika kabla hujafumba na kufumbua jicho.

Tazama ndani ya mtutu wa raifoli. Utaona mifereji iliyopinda kuuzunguka mtutu. Mifereji hiyo hukizungusha kichwa cha risasi kama pia ya watoto. Pia inayozunguka husimama wima, na isiyozunguka huanguka. Vivyo hivyo kichwa kinachozunguka hukaa sawa njiani.

Gobore halina mifereji. Ndani ya mtutu wake ni laini kama bomba. Risasi yake hugongagonga ukuta wa mtutu na kutoka upande wowote. Ndiyo maana kwa gobore, mbali zaidi ya hatua 80 au 100, kupata ni bahati.

KWA NINI BABU ZETU WALIKUWA NA MAGOBORE?

Wengine hudhani babu zetu walipenda magobore kwa sababu hawakujua bunduki bora. Sivyo. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, nchini Ubelgiji, yakatia sahihi mkataba juu ya biashara ya watumwa na ya silaha. Mkataba huo ulizuia bunduki za kisasa zenye mifereji zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki zilizoachwa nje ya katazo hilo ni zile za mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida.

Basi Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, wananchi wengi walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Askari wa Wajerumani walikuwa na bunduki za mifereji na bombomu. Ushujaa ulikuwepo kwa wananchi. Tofauti ilikuwa kwenye silaha.

RISASI YA KUTENGENEZA KWA MKONO

Katika nchi nyingine, kama Marekani na Afrika Kusini, sheria inawaruhusu wawindaji wenye leseni kujaza risasi zao wenyewe. Hawapimi kwa kiganja kama mjomba wetu. Wanatumia mizani na vipimo vya chuma. Kwa nini wanajisumbua wakati dukani risasi zipo? Kwa sababu risasi ya kiwandani hutengenezwa ili ifae kila bunduki ya aina ile. Lakini bunduki mbili za aina moja ni kama ndugu wawili wa tumbo moja: sura moja, tabia mbili. Mwindaji anatafuta risasi inayopatana na bunduki yake hasa.

Hufanya hivi:

Kwanza, huchagua maganda ya kiwanda kimoja. Huyapima urefu na kuyakata yawe sawa. Ganda zito lina ukuta mnene, kwa hiyo nafasi ya baruti ni ndogo. Baruti ile ile katika nafasi ndogo husukuma kwa nguvu zaidi.

Pili, hupima baruti kwa mizani ndogo sana. Kipimo chake huitwa greni. Greni 15 na nusu hivi ni sawa na gramu 1. Mizani nzuri hupima hata sehemu moja ya kumi ya greni.

Tatu, huchagua vichwa vyenye uzito mmoja na umbo moja.

Nne, hukipachika kila kichwa kwenye ganda kwa kina kile kile.

Tano, na hili ndilo kubwa, huenda kwenye uwanja wa shabaha na kujaribu. Huegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Hupiga risasi 5 kwenye karatasi. Hupima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Upana huo ndio huonyesha jinsi bunduki inavyotawanya. Kisha hubadilisha kitu kimoja tu na kujaribu tena. Akibadilisha vitu viwili pamoja, hatajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Kila jaribio huandikwa kwenye daftari.

Kazi hiyo ina hatari zake. Baruti ikizidi kidogo tu, nguvu ndani ya bunduki huzidi sana, na bunduki inaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Kwa hiyo wanaofanya kazi hii hufuata vitabu vya watengenezaji wa baruti. Huanza na kipimo cha chini kilichoandikwa, na hawapiti kile cha juu.

BUNDUKI YA .458 NA JOTO LA AFRIKA

Sasa tuone kisa cha kweli kinachohusu bara letu. Mwaka 1956 kampuni moja ya Marekani ilileta risasi mpya ya kuwindia tembo na nyati, iitwayo .458. Idara nyingi za wanyamapori katika Afrika ziliichukua, kwa sababu bei yake haikuwa kubwa kama ya bunduki kubwa za Uingereza. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa greni 500, yaani gramu 32 hivi. Ilitangazwa kuwa kinakwenda karibu mita 650 kwa sekunde.

Baada ya muda manung'uniko yakaanza. Risasi moja inapiga kwa nguvu, nyingine inapiga kwa ulegevu. Wawindaji walipozipima wakakuta nyingi haziifikii kasi iliyotangazwa. Sababu ilikuwa nini? Ganda lilikuwa fupi, milimita 63 na nusu tu. Ili baruti itoshe, ilishindiliwa kwa nguvu. Ikikaa muda mrefu hugandamana kama chumvi iliyopata unyevu. Baruti iliyogandamana haiungui sawasawa.

Mwaka 1959 mwindaji mmoja wa Marekani, Jack Lott, alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji. Alipona. Baadaye akabuni ganda refu zaidi, la milimita 71, ili baruti ipate nafasi. Wajazaji wengine walibaki na .458 ile ile, lakini wakachagua baruti inayofaa na kuipima kwa uangalifu. Viwanda navyo vilirekebisha risasi zao.

Fikiri juu ya askari wa wanyamapori aliyesimama mbele ya nyati mwenye jeraha. Bunduki yake ni safi, naye analenga vizuri. Lakini baruti ndani ya ganda imegandamana. Huyo hakurogwa na mtu. Kipimo na namna ya kutunza risasi ndivyo vilivyomwangusha.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa tusome polepole. Somo hili halimwambii mtu ajaze risasi nyumbani kwake. Tanzania ina sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015. Ni kosa kutengeneza silaha au risasi bila ruhusa. Hata gobore ni silaha, nalo linahitaji leseni. Kuwinda nako kunahitaji kibali, kwa sheria ya kuhifadhi wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Nguruwe, viboko au nyani wakivamia mashamba, toeni taarifa kwenye ofisi ya kijiji ili imfikie Afisa Wanyamapori wa Wilaya.

Jambo jingine la kushika: kamwe usitoe baruti kwenye risasi ya kisasa ukaitia kwenye gobore. Baruti ya kisasa ina nguvu nyingi kuliko baruti nyeusi ya zamani. Mtutu wa gobore hauwezi kuistahimili, utapasuka. Mtu anaweza kupoteza vidole, macho au maisha.

SISI TUFANYE NINI?

Mwenye bunduki ya leseni hana haja ya kujaza risasi ili apate faida ya somo hili. Anaweza kutunza usawa kwa njia hizi:

1. Nunua risasi za aina moja, zenye namba moja ya toleo. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Zile za namba moja zimetengenezwa pamoja. Usichanganye maboksi.

2. Tunza risasi mahali pakavu pasipo na joto, zikiwa zimefungiwa kama sheria inavyotaka. Usiziache juani wala chini ya bati la moto. Risasi iliyopata joto sana hubadilika nguvu.

3. Tumia kwanza zilizonunuliwa zamani. Risasi yenye kutu au ufa usiipige. Ipeleke polisi.

4. Safisha mtutu. Mifereji iliyojaa uchafu haizungushi kichwa sawasawa.

5. Jaribu bunduki kabla ya msimu, mahali palipoidhinishwa na wenye mamlaka, penye kilima au tuta la udongo nyuma ya karatasi. Piga risasi zako 5, pima upana wa matundu, andika.

6. Jua mwisho wako. Kama matundu yako yanatawanyika kuliko moyo na mapafu ya mnyama, usipige kutoka umbali huo. Sogea karibu, au acha.

HESABU KIDOGO

Matundu hutawanyika zaidi kadiri umbali unavyozidi. Kama kwa mita 50 upana ni sentimita 6, kwa mita 100 utakuwa karibu sentimita 12, na kwa mita 200 karibu sentimita 24. Upana wa sentimita 6 unaingia ndani ya kikombe. Upana wa sentimita 24 umekuwa sahani kubwa ya wali. Moyo na mapafu ya nguruwe pori haviwi vikubwa hivyo.

Sasa tuone kasi. Kila risasi huanza kushuka mara inapotoka mtutuni, kama embe linalodondoka mtini. Iliyo nzito kwa mwendo hukaa njiani muda mrefu, kwa hiyo hushuka zaidi. Tukiacha kuhesabu kizuizi cha hewa:

Kasi mita 650 kwa sekunde: kwa mita 100 inashuka karibu sentimita 12. Kwa mita 200 inashuka karibu sentimita 46.

Kasi mita 550 kwa sekunde: kwa mita 100 inashuka karibu sentimita 16. Kwa mita 200 inashuka karibu sentimita 65.

Angalia vizuri. Kwa mita 100 tofauti ni sentimita 4 tu. Kwa mita 200 tofauti ni sentimita 19. Mpigaji amelenga pale pale, lakini risasi moja imempiga nguruwe moyoni na nyingine imempiga mguuni. Wa mguuni ndiye atakayeingia kichakani na kumngojea mtu.

DAFTARI LA BUNDUKI

Waswahili walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Bunduki nayo ni mali, na ni mali ya hatari. Chukua daftari la kawaida, piga mistari, andika hivi. Huu ni mfano tu:

Tarehe: 3 Juni
Namba ya boksi: A
Umbali: mita 50
Risasi zilizopigwa: 5
Upana wa matundu: sentimita 5
Maelezo: mtutu umesafishwa, hakuna upepo

Tarehe: 3 Juni
Namba ya boksi: B
Umbali: mita 50
Risasi zilizopigwa: 5
Upana wa matundu: sentimita 11
Maelezo: boksi la zamani, lilikaa juu ya dari

Mtu asiye na daftari angesema bunduki imefungwa siku ile alipotumia boksi B. Mwenye daftari anaona kwa macho yake. Bunduki ni ile ile, mpigaji ni yule yule, siku ni ile ile. Kilichobadilika ni boksi. Anaacha kutumia boksi B, na anauliza limetunzwaje.

Ndugu msomaji, hapa ndipo kisomo kinapoingia. Tulipojifunza kuandika 5 na 11 darasani, baadhi yetu tuliuliza: "Namba hizi zitanisaidia nini shambani?" Leo namba hizo mbili zinaweza kumwokoa jirani asipigwe na mnyama aliyejeruhiwa.

Hata kama huna bunduki, fanya hivyo hivyo kwenye kazi yako. Ukipuliza salfa kwenye mikorosho, pima, kisha andika kiasi na tarehe. Ukijaribu mbegu mpya ya mahindi, badilisha mbegu tu. Nafasi na siku ya kupanda viache kama vilivyo. Ndipo utajua mbegu ipi ni bora. Tusipime kwa kiganja, kisha tukatafuta mchawi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Fataki: sehemu ya risasi inayotoa moto wa kuwasha baruti.
Ganda: kopo la shaba linalobeba fataki, baruti na kichwa.
Gobore: bunduki ya zamani inayojazwa kwa mdomo wa mtutu.
Greni: kipimo kidogo cha uzito.
Mdeki: ufito wa kushindilia baruti.
Shabaha: kitu kinacholengwa, pia uwezo wa kukipata.

MASWALI

1. Taja sehemu nne za risasi na kazi ya kila moja.
2. Mifereji ndani ya mtutu ina kazi gani?
3. Kwa nini risasi za .458 za mwanzo zilipiga bila usawa?
4. Kwa nini mtu anayejaribu risasi abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati?
5. Kama kwa mita 50 matundu yana upana wa sentimita 8, kwa mita 150 yatakuwa na upana gani? (Jibu: karibu sentimita 24.)
6. Jadilianeni: Katika kijiji chenu, wanyama waharibifu wakiingia mashambani mnatoa taarifa kwa nani, na nani huandika taarifa hiyo?